Uvimbe Unaouma kwenye Ngozi: Jipu, Tekenya, Mafuta ya Korosho au Jambo Jingine?

Kwenye maduka ya dawa hapa Mtwara, mteja mwenye uvimbe huja na ombi moja tu: "Naomba dawa ya jipu." Muuzaji akitaka kummaliza haraka humkatia amoksilini, tena pengine nusu dozi kwa sababu hela haikutosha. Siku chache baadaye mtu yuleyule anarudi akitembea kwa upande, hawezi hata kukaa kwenye benchi. Hakuna aliyeutazama uvimbe wenyewe. Ndiyo maana hapa nitaanza na macho na vidole, vidonge vitafuata mbele.

Wanaotakiwa kwenda kituoni sasa hivi

Usiendelee kusoma kwa utulivu kama mgonjwa ana homa na kutetemeka, anachanganyikiwa, anapumua haraka, au maumivu yake ni makali kuliko uvimbe unavyoonekana. Hilo la mwisho watu hulipuuza. Ngozi inaweza kuonekana ya kawaida huku chini yake maambukizi yanakimbia na kuua nyama, na mgonjwa analia kwa kitu ambacho wewe unaona ni kidogo. Mwamini.

Wengine wa kuondoka leo: mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye vipele vya usaha au uvimbe wowote wa moto, mwenye kisukari, anayeishi na VVU na hali yake si nzuri, mwenye uvimbe wa moto karibu na jicho, na yeyote aliyevimba juu ya kiungo kama goti au kiwiko akashindwa kukikunja. Kwa Mtwara mjini kuna Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, na ile ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Lindi ni Sokoine. Walioko Masasi wana Mkomaindo na Ndanda, na wa upande wa Nyangao wana hospitali ya misheni palepale. Lakini kwa jipu la kawaida zahanati yenye tabibu inatosha, na ni kosa kulipa nauli ya mbali huku unapita mlango wake.

Namna ya kuutazama

Maelezo mengi ya afya yanakuambia utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani kabisa. Unachokiona ni ngozi iliyokaza na kung'aa, au eneo lililokuwa jeusi zaidi, wakati mwingine lenye rangi kama ya zambarau. Kwa hiyo tumia mgongo wa mkono. Uweke juu ya uvimbe, kisha uweke mahali hapohapo upande wa pili wa mwili. Joto likitofautiana wazi, kuna uchochezi, yaani mwili unapambana na kitu hapo.

Halafu chukua peni ya kawaida. Papasa polepole ukitokea kwenye ngozi nzima kuelekea kwenye uvimbe, na pale unapoanza kusikia ugumu au maumivu, weka alama. Zunguka hivyo mpaka upate duara, andika na saa pembeni. Kesho asubuhi utajua kama linapanuka au limesimama, bila kubishana na mtu. Alama hiyo usiifute unapokwenda kwa daktari. Inamweleza kuliko maneno "jana lilikuwa dogo".

Kigumu, kinauma, hakina mdomo

Siku mbili tatu za mwanzo jipu huwa hivi. Bakteria, mara nyingi stafilokokasi, ameingia kwenye shina la unywele mahali palipokwaruzwa au panaposuguliwa: makalio, mapaja, kwapa, shingo ya nyuma baada ya kunyolewa. Mwili unapeleka askari wake, usaha haujakusanyika bado. Ukikamua sasa hutapata kitu zaidi ya damu, na unachokisukuma kinakwenda ndani.

Tiba ya hatua hii ni joto la maji. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka uweze kuyavumilia ukiyajaribu kwenye ngozi ya ndani ya mkono. Chovya kipande safi cha kanga kuukuu, kikamue, kiweke juu ya uvimbe bila kubonyeza. Kikipoa, chovya tena. Fanya hivyo dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asijipimie joto la maji mwenyewe. Ampimie mtu mwingine. Kitambaa hicho kifuliwe kwa maji ya moto na kisitumiwe na mwingine, hata kama ni mume au mtoto.

Kwa maumivu, paracetamol inatosha: mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Diklofenaki siipendi kwa kazi hii. Vidonda vya tumbo na figo haviipendi pia, na mjamzito asiiguse bila kuandikiwa.

Bibi atasema "liache liive". Katika hatua hii bibi ana haki. Anapoanza kuandaa sabuni ya kipande iliyopondwa na sukari, hiyo nayo haina madhara makubwa kama ngozi haijapasuka, ingawa sioni inachoongeza juu ya maji ya moto. Majivu, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa na dawa ya meno ni habari nyingine. Viwili vya kwanza kwenye kidonda kilicho wazi ni mlango wa pepopunda. Viwili vya mwisho vinaunguza ngozi, kisha tunashindwa kutofautisha jipu na kidonda cha kuungua.

Kimelainika katikati au kimetoa ncha ya njano

Hapa ndipo maamuzi mengi huharibika.

Kwanza hakikisha kweli kuna usaha. Weka kidole kimoja cha kila mkono pande mbili za uvimbe, uelekeane. Bonyeza taratibu kwa kimoja. Kile cha pili kikiinuliwa kidogo, ndani kuna majimaji. Rudia ukiwa umegeuza vidole kwa upande mwingine, maana nyama ya kawaida inaweza kukudanganya kwa upande mmoja lakini si kwa pande zote mbili.

Jipu dogo, la ukubwa wa sentimita moja hivi, lenye ncha, likiwa pajani au mkononi, endelea nalo kwa maji ya moto. Mara nyingi litapasuka lenyewe usiku au wakati wa kuoga. Likipasuka, acha litiririke, safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na sabuni, funika kwa gozi safi, nawa mikono. Unaweza kutengeneza maji ya chumvi: nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichojaa. Tunaoishi pwani tuna imani kubwa na maji ya bahari, lakini ya ufukweni, karibu na mitumbwi na mifereji ya mji, yamebeba vijidudu vyake. Usiyapeleke kwenye kidonda kilicho wazi.

Jipu kubwa zaidi ya hapo, au lenye midomo mingi iliyoungana, hasa nyuma ya shingo na mgongoni, linahitaji kutumbuliwa na mtaalamu. Hakuna kidonge kinachomaliza usaha uliokwisha kukusanyika. Mfuko wa usaha hauna mishipa ya damu ndani, na dawa unayomeza husafiri kwa damu. Inafika ukutani na kuishia hapo. Ndiyo maana mtu anameza dozi mbili, homa inashuka kidogo, uvimbe uko palepale.

Kituoni watakuchoma ganzi, watachana sehemu iliyolainika, watautoa usaha na kuvunja vyumba vidogo vilivyobaki ndani. Jiandae kwa jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: ganzi haishiki vizuri kwenye eneo lenye usaha, kwa sababu uchachu uliopo pale unaipunguza nguvu. Utasikia maumivu kwa muda mfupi, na haimaanishi kwamba tabibu hajui kazi. Baada ya usaha kutoka, nafuu huja papo hapo. Watu huinuka kitandani wakicheka.

Wembe, mwiba wa mchongoma na sindano ya kushonea, hata ukivichoma moto, vibaki nje ya habari hii. Kwapani, shingoni, kinenani na nyuma ya goti mishipa mikubwa ya damu imepita karibu na ngozi.

Hakuna usaha, ila eneo linapanuka

Duara lako la peni limevukwa, ngozi ni ya moto na nzito, hakuna ncha wala sehemu laini. Haya ni maambukizi yaliyotambaa ndani ya ngozi, kawaida mguuni, na chanzo huwa kijidonda, ukurutu uliokunwa au mpasuko katikati ya vidole vya miguu. Hapa hakuna cha kutumbua. Hapa antibiotiki ndiyo tiba, na inaandikwa baada ya kuonwa. Inua mguu juu ya mto unapolala.

Kwa watu wa mikoa yetu kuna la kuongeza. Pwani ya Lindi na Mtwara ni eneo la matende na mabusha, na mtu aliyewahi kuvimba mguu kwa matende hupatwa na vipindi vya mguu kuchacha ghafla: homa, baridi, ngozi ya moto, mtoki kinenani. Wengine husema ni upepo mbaya. Kinachotokea ni bakteria kuingia kupitia nyufa ndogo kwenye mguu ambao mfumo wake wa limfu, yaani mishipa inayorudisha majimaji ya mwili, umekwisha kuharibika. Kuosha mguu kila siku kwa sabuni na, muhimu zaidi, kuukausha vizuri katikati ya vidole, hupunguza vipindi hivyo. Kingatiba inayogawiwa vijijini huzuia ugonjwa kuenea, lakini haiwezi kufanya kazi ya sabuni na taulo.

Kina kitundu, kinawasha, na ndani kuna kitu kinacheza

Kama ni kwenye kidole cha mguu, kisigino au ukingo wa ukucha, na unaona doa jeusi katikati ya duara jeupe, ni tekenya. Jike la kiroboto huyu huingia kwenye ngozi na kujaza mayai. Kumtoa si vigumu. Kinacholeta balaa ni pini ya pamoja. Nyumba nzima inakaa uani jioni, pini moja inazunguka kutoka mguu hadi mguu, na damu inazunguka nayo. Kila mtu na sindano yake mpya, mguu uoshwe kwanza, mdudu atoke mzima, kishimo kisafishwe. Kama ni wengi, usichokonoe. Kituoni wanaweza kukupa mafuta ya dimetikoni yakiwepo, na waulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Baada ya hapo, viatu, na sakafu ya vumbi imwagiwe maji na kufagiliwa.

Kama ni mgongoni, kiunoni, makalioni au kwenye paja la mtoto, na viko kadhaa vilivyofuata mstari wa nguo, fikiria funza wa nzi. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au zilizotandazwa chini kwenye mchanga. Mayai yakianguliwa, funza mdogo hupenya ngozi ya anayevaa. Uvimbe unafanana na jipu kwa kila kitu, isipokuwa kitundu cha katikati kinachotoa majimaji membamba, na ukikitazama kwa subira chini ya tochi ya simu utaona ncha inapanda na kushuka. Ni funza anapumua.

Ziba kitundu kwa mafuta mazito ya kujipaka kwa muda wa saa moja hivi. Akikosa hewa atajitokeza. Bana ngozi taratibu kutoka pande mbili na umvute mzima kwa kibanio safi. Huu ndio uvimbe pekee katika orodha yangu ninaoruhusu ubanwe. Akikatika ndani, nenda zahanati. Dawa ya kudumu ni pasi. Piga pasi ya moto nguo zote, ndani na nje, ukikazia mapindo, mkanda wa chupi na nepi za mtoto. Pasi ya mkaa inafaa kabisa.

Malengelenge baada ya kushika korosho

Kuanzia Oktoba, msimu ukishika, uvimbe wa mikononi na mdomoni hubadilika sura. Ganda la korosho lina mafuta makali, yenye asidi anakadiki na kadoli, ambayo huunguza ngozi na kwa baadhi ya watu huamsha mzio unaojitokeza siku moja au mbili baadaye. Mbanguaji asiyepaka chochote viganjani, mtoto aliyechoma korosho kwenye moto wa majani akaipasua kwa meno, mtu aliyesimama kwenye moshi wa maganda: wote huja na ngozi nyeusi iliyobabuka, malengelenge, au midomo iliyofura.

Utaitofautisha na jipu kirahisi. Imetokea sehemu nyingi kwa pamoja, inawaka zaidi ya kupwita, na ina majimaji maangavu. Futa mafuta yaliyobaki kwa kitambaa chenye mafuta ya kula, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Maji peke yake huyasambaza tu. Malengelenge usiyapasue. Lengelenge likigeuka kuwa la usaha, na joto na maumivu ya kupwita yakianza, basi maambukizi yameingia juu yake na linatibiwa kama kidonda. Mafuta yakiingia jichoni au kooni, au midomo ikifura mpaka pumzi inapata shida: hospitali, bila kungoja kuche.

Mafuta hayo wengine huyapaka kwenye sunzua na nyufa za miguu. Kwenye jipu usithubutu. Na wanaopuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, kama umetoka vipele vya kuwasha shingoni na kwapani jioni ya siku ya kazi, oga kwanza na ubadilishe nguo kabla hujaanza kutafuta antibiotiki.

Uvimbe wa kinenani

Hapa nitakuwa mkali. Uvimbe wa kinenani unaweza kuwa mtoki uliosababishwa na kidonda cha mguuni, unaweza kuwa jipu, unaweza kuwa ugonjwa wa zinaa, na unaweza kuwa ngiri, yaani utumbo wenyewe uko chini ya ngozi. Ukitumbua ngiri, umetoboa utumbo. Lala chali: kama unarudi ndani au unapungua, na ukikohoa unajaa, huo ni ngiri. Ukiwa mgumu, unauma, haurudi, na mgonjwa anatapika, ni dharura ya upasuaji. Tazama pia mguu wa upande huo kuanzia nyayo; mara nyingi utakuta mwiba uliosahaulika, na mtoki utaisha ukitibiwa ule mwiba.

Sehemu zenye masharti yake

Uso: kuanzia juu ya pua mpaka pembe za mdomo usikamue chochote, hata chunusi. Mishipa ya damu ya hapo inawasiliana na ya ndani ya kichwa. Chokea ya jichoni ni kitambaa cha moto tu na subira.

Mdudu wa kidole, yaani uvimbe wa usaha kidoleni: ukiwa pembeni mwa ukucha, maji ya moto yenye chumvi mara kadhaa kwa siku. Ukiwa kwenye nyama ya ncha ya kidole, kinapwita usiku kucha hulali, usisubiri kuiva. Nafasi ya pale ni finyu, na usaha ukibana unaharibu mfupa.

Titi la anayenyonyesha: mama aendelee kunyonyesha, au akamue maziwa kwa mkono upande unaouma sana. Kumwachisha mtoto ghafla huongeza msongamano. Kukiwa na uvimbe usiopungua na homa, aende akapimwe kama kuna usaha.

Uvimbe usiouma, laini, unaohama chini ya kidole na umekaa miaka, mara nyingi ni wa mafuta, na haraka haipo. Usiouma lakini una gaga jeusi katikati, kwa mtu aliyechuna mnyama aliyekufa mwenyewe, unaweza kuwa kimeta; nenda na useme hivyo waziwazi. Vipele vingi vya majimaji au usaha vilivyokuja na homa na mitoki si majipu; tangu Machi 2025, Wizara ya Afya ilipothibitisha Mpox nchini, hivyo navyo vinahitaji kuonwa.

Kuhusu vidonge

Stafilokokasi wengi wana kimeng'enya kinachovunja amoksilini kabla haijawagusa. Daktari akihitaji dawa ya kumeza, kawaida huanzia kwenye kloksasilini au flukloksasilini, kwa dozi kamili, na huuliza kwanza kama penisilini inakudhuru. Ile tabia ya kufungua kapsuli ya rangi mbili na kunyunyiza unga kwenye kidonda, tuiache. Unga unaganda, unaziba mdomo, usaha unarudi ndani, na bakteria wanajifunza kuizoea dawa.

Yanarudi kila baada ya wiki chache

Pima sukari kwanza. Kuna watu wengi waliogundua kisukari chao kwa sababu ya majipu, na kipimo ni tone moja la damu. Pima na VVU. Vikiwa salama, tazama nyumbani: taulo moja la watu watano, wembe wa pamoja, mashine ya kinyozi isiyopitishwa spiriti, nguo ya ndani inayobana wakati wa joto. Bakteria hawa hujificha puani kwa mtu asiyeumwa chochote, kwa hiyo anayechokonoa pua kisha akajikuna paja anajipandia mwenyewe. Kila mtu taulo lake, shuka zifuliwe na kuanikwa juani, kucha zikatwe.

Limetumbuliwa, lakini halifungi

Shimo linatakiwa kujaa kutoka chini kwenda juu. Gozi lililosokotwa ndani lipo kuzuia mdomo usifunge mapema, kwa hiyo usilichomoe kwa sababu linakera. Nenda kubadilishiwa siku uliyopangiwa. Majimaji ya pinki ni ya kawaida. Usaha mzito unaoongezeka au harufu mbaya si kawaida.

Likifunga kisha likavimba tena palepale, mara ya pili na ya tatu, kuna kitu kimebaki. Huenda ni ngozi ya uvimbe wa zamani wa mafuta, ambayo lazima iondolewe yote baada ya uchochezi kutulia. Au ni kijiti, mwiba wa samaki aitwaye taa aliyekuchoma ukivuta wavu, kipande cha chupa ulichokanyaga ufukweni. Mweleze daktari siku ile ulichomwa na nini, hata kama ni mwaka jana, maana mti hauonekani kwenye eksirei na atahitaji kuutafuta kwa altrasaundi.